Vita vilianza mwaka gani?

Mwalimu mmoja wa historia katika shule ya Kiprotestanti ya jimbo letu aliwagawia wanafunzi wake vipande vya karatasi na kuwauliza swali moja: vita vilianza mwaka gani? Hakutaka majina juu ya karatasi. Ni wanafunzi wa mwaka wa tatu wa humanite, darasa ambalo wazazi wengi bado wanaliita la tano, nao wana miaka 16 na 17. Alipokusanya majibu alikuta miaka saba tofauti: 1993, 1994, 1996, 1998, 2004, 2012 na 2022. Mmoja aliandika "tangu zamani". Mmoja alirudisha karatasi nyeupe.

Mwalimu huyo alituonyesha karatasi zenyewe. Tumezifikiria sana tangu siku ile, kwa maana hakuna jibu hata moja ambalo ni la uongo. Anayesema 1993 huenda jamaa yake ilitoka Walikale au Masisi, ambako watu walianza kuuana kwa kabila mwezi wa tatu wa mwaka ule, kuanzia soko la Ntoto. Anayesema 1994 anakumbuka, kwa kinywa cha wazazi wake, wakimbizi zaidi ya milioni moja waliovuka mpaka kutoka Rwanda baada ya mauaji ya kimbari ya Watutsi, na katikati yao askari na Interahamwe waliofanya mauaji hayo, wakaja na bunduki zao. Wa 1996 anahesabu tangu AFDL ya Laurent-Désiré Kabila, ikisindikizwa na majeshi ya Rwanda na Uganda, ilipoanza safari iliyofika Kinshasa tarehe 17 Mei 1997. Wa 1998 anahesabu tangu tarehe 2 Agosti, siku uasi wa RCD ulipoanza. Wa 2004 ni mtoto wa Bukavu, wa 2012 ni wa Goma, na wa 2022 labda alikimbia Bunagana au Rutshuru akiwa bado shule ya msingi.

Kila nyumba inaanza kuhesabu siku mlango wake ulipovunjwa. Hilo ni jambo la kibinadamu. Lakini tazameni linalofuata: mwaka unaochagua kuanza nao ndio unaoamua nani ni mkosaji. Ukianza hadithi katika mwezi fulani, watu wako ni wenye kuvamiwa. Ukianza miezi sita nyuma, unakuta hao hao watu wako wakifukuza jirani. Watoto hawa wanakaa kwenye benchi moja, wanasali pamoja asubuhi, na kila mmoja ana kalenda yake nyumbani ambayo haitaji kosa la baba zake.

Tulipouliza kama shule inafundisha vita hivi, tuliambiwa kwamba somo lipo. Tulifungua madaftari machache. Ufalme wa Kongo upo, Leopold yupo, Lumumba yupo, Mobutu yupo kwa kurasa nyingi. Halafu vinakuja vita vya "ukombozi" kwa nusu ukurasa, vita vya pili kwa mistari sita, na mwaka wa masomo unakwisha. Walimu hawakutuficha sababu. Mmoja alisema: "Nikitaja jina la jeshi, kesho mzazi anakuja. Nikitaja kabila, kesho anakuja mtu mwingine ambaye si mzazi." Tangu mwezi wa kwanza na wa pili wa 2025, Goma na Bukavu zilipoingia mikononi mwa AFC/M23, hofu hiyo imeongezeka, nasi hatuwezi kuidharau. Sisi tunaoandika hatusimami mbele ya darasa lile.

Hata hivyo kukaa kimya shuleni hakuwaachi watoto bila somo. Wanalipata kwenye simu, ambamo picha za maiti za nchi nyingine zinapita kama za Kivu. Wanalipata kwenye mazishi, na kwenye maneno ambayo watu wazima wanasema wakidhani watoto wamelala. Wanalipata pia kwa wale wanaotafuta vijana wa kushika silaha. Hao hawaogopi inspekta, wana somo fupi, nalo lina mwaka mmoja tu na adui mmoja tu. Kijana wa miaka 16 ambaye hajawahi kusikia hadithi ikisimuliwa kwa njia mbili atamjibu nini?

Nchi jirani ilijaribu njia ya kunyamaza. Baada ya 1994 Serikali ya Rwanda ilisimamisha ufundishaji wa historia ya nchi mashuleni kwa miaka mingi, kwa sababu historia iliyofundishwa zamani ilikuwa imesaidia kuwagawanya watu. Sababu ilieleweka. Lakini nyumbani hakuna amri inayosimamisha somo, na mtoto aliyekua katika miaka ile alichukua alichopewa na wazazi au na kambi. Hatusemi hivyo ili kuwahukumu wengine. Tunasema kwa sababu sisi pia tuko katika kusimamisha somo, ila bila kutoa amri. Wakati sisi tunanyamaza, tarehe 2 Agosti imekuwa tangu 2023 siku rasmi ya kuwakumbuka waliokufa katika vita vya Kongo, siku ya Genocost. Ni jambo jema. Lakini inaangukia katikati ya likizo kubwa, shule zote zikiwa zimefungwa.

Shule hizi si za Serikali peke yake. Zilitaifishwa mwaka 1974, na kwa mkataba wa 1977 zikarudi kuongozwa na makanisa. Programu inatoka Kinshasa, lakini prefe na mwalimu wanatoka kwetu. Hatuwezi kusema kwamba jambo hili ni la wizara tu, hasa baada ya Kanisa la Kristo katika Kongo na maaskofu wa Kikatoliki kuzunguka tangu mwanzo wa 2025 na Mapatano ya Kijamii kwa ajili ya Amani na kuishi pamoja vizuri, wakiwaomba wakubwa wenye silaha wakae chini wazungumze. Tunawaomba wakubwa jambo ambalo hatujalifanya katika darasa letu wenyewe.

Basi mwalimu yule aliamua kufanya jaribio, kwa ruhusa ya prefe wake, na kwa mipaka aliyoiweka mwenyewe. Hakugusa vita vya leo. Alichukua vita viwili tu, cha 1996 hadi 1997 na cha 1998 hadi 2003, kwa sababu juu ya hivyo kuna maandishi yanayoweza kusomwa na kulinganishwa, na kwa sababu wanafunzi wote walizaliwa baada ya vita hivyo. Hakuna aliyeshika bunduki wakati ule, hakuna wa kujitetea. Tunadhani ni uamuzi wa hekima. Wapo waliomlaumu kwamba anakimbia jambo lenyewe. Sisi tunaona kwamba mtu hujifunza kuogelea penye maji ya magoti.

Alianza na Lemera. Wengi wenu mnajua kwa nini: hospitali ya Lemera, katika vilima vya Uvira, ni ya jamii ya kiprotestanti, CEPAC, na wakati ule daktari mkuu wake alikuwa Denis Mukwege. Tarehe 6 Oktoba 1996 watu wenye silaha waliingia hospitalini na kuua zaidi ya watu 30, wengine wakiwa wagonjwa vitandani, na wauguzi pamoja nao. Baadaye daktari huyo alianzisha hospitali ya Panzi mjini Bukavu, mwaka 1999, na mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad. Wanafunzi walijua habari ya tuzo. Habari ya vitanda vya Lemera wengi hawakuijua. Wala hawakujua kwamba mapatano ya kuunda AFDL, ya mwezi ule ule, yanaitwa hadi leo Mapatano ya Lemera. Mahali pamoja, mwezi mmoja, na katika daftari la shule limebaki jina la mapatano peke yake.

Kutoka hapo alifungua Ripoti ya Mapping ya Umoja wa Mataifa, iliyotangazwa tarehe 1 Oktoba 2010. Ni kitabu kikubwa, kurasa zaidi ya 500, kinachoorodhesha matukio makubwa 617 kati ya mwezi wa tatu 1993 na mwezi wa sita 2003. Watu wengi wanaitaja katika mahubiri na katika maandamano. Waliosoma hata kurasa 20 ni wachache, na sisi wenyewe tulikuwa tunaitaja kabla ya kuisoma. Kila mmoja anaijua kwa tukio lililompata. Faida ya kuipeleka darasani ni kwamba haikubali kusomwa kwa jicho moja.

Ndani yake mtoto wa Mwenga anakuta Kasika, mwezi wa nane 1998, na mtoto wa Fizi anakuta Makobola, mwisho wa mwaka ule ule. Katika kila sehemu mamia ya raia waliuawa na upande wa RCD na wasaidizi wake. Wanaona kwamba hawakuota, kwamba maumivu ya nyumbani kwao yameandikwa. Lakini kurasa za nyuma kidogo zinataja Banyamulenge waliouawa mwezi wa tisa 1996 pande za Baraka na Lueba, kabla AFDL haijajulikana, na Watutsi waliowindwa mitaani Kinshasa na miji mingine mwezi wa nane 1998. Zinataja pia wakimbizi Wahutu, wanawake na watoto wengi kati yao, waliofuatwa msituni kutoka Kivu hadi Tingi-Tingi, hadi kando ya Kisangani, hadi Mbandaka mwezi wa tano 1997. Juu ya mauaji hayo ripoti inasema kwamba, kama mahakama ingeyathibitisha, yangeweza kuitwa mauaji ya kimbari. Rwanda ilikataa ripoti hiyo kwa nguvu. Mwalimu aliwaambia wanafunzi pia kwamba imekataliwa, na kwa nini. Tulifurahi kusikia hivyo, kwa maana angeweza kuliruka jambo hilo na hakuna ambaye angemuuliza.

Kisha kuna Kisangani, mwezi wa sita 2000: majeshi ya Rwanda na Uganda, yaliyoingia kama marafiki, yanapigana siku sita katikati ya mji wa watu wengine. Mwanafunzi mmoja aliuliza hapo walipigania nini. Ni swali ambalo linafungua mlango wa almasi, dhahabu na koltani, na wa watoto walioacha shule mwaka ule bei ya koltani ilipopanda. Mwalimu hakuwa na saa za kutosha, alipita haraka.

Wazee wa kanisa waliposikia habari ya somo hili, mmoja wao alisema kwamba si vizuri mtoto asome makosa ya watu wake mwenyewe. Tulimjibu kwa heshima kwamba vitabu vya Samweli na vya Wafalme viliandikwa na watu wa taifa lile lile, na Daudi hakufichwa humo, wala Uria, wala Ahabu na shamba la Nabothi. Mzee alicheka akasema Wayahudi walikuwa na manabii. Ni kweli, na nabii Nathani alipokwenda kwa mfalme hakupeleka habari ya makosa ya Wafilisti.

Lakini sehemu iliyotushika zaidi ni ya hesabu. Mwanafunzi yeyote wa mashariki ukimwuliza ni watu wangapi wamekufa, atakuambia milioni sita. Wengine wanasema milioni kumi, na namba inapanda kadiri miaka inavyopita. Mwalimu aliuliza: nani alihesabu? Hakuna aliyejua. Tukiri kwamba hata sisi, katika ukurasa huu, tumeandika mamilioni bila kusema yametoka wapi.

Yametoka hasa kwa shirika la IRC, ambalo kati ya 2000 na 2007 lilifanya uchunguzi mara tano. Watu wake hawakuhesabu makaburi. Walikwenda katika nyumba zilizochaguliwa, wakauliza nani amekufa miezi iliyopita na kwa sababu gani, wakazidisha kwa watu wote. Mwaka 2000 walisema milioni 1.7 kwa upande wa mashariki. Mwishoni, mwaka 2008, walitangaza milioni 5.4 kwa nchi nzima, tangu mwezi wa nane 1998 hadi mwezi wa nne 2007. Hivyo vinaitwa vifo vya ziada, yaani wale waliokufa zaidi ya wale ambao wangekufa hata kama kungekuwa na amani.

Na hapo ndipo ugomvi ulipo. Mwaka 2010 wachunguzi wa chuo kikuu kimoja cha Canada walisema hesabu imezidi, kwa sababu IRC ilichukua wastani wa vifo vya Afrika kusini ya Sahara kama ndio hali ya Kongo bila vita, wakati Kongo ilikuwa tayari maskini kuliko wastani huo kabla ya risasi ya kwanza. Wanademografia wawili wa Ubelgiji, kwa njia nyingine, walifika karibu 200,000 tu. Mwalimu hakuwaambia wanafunzi nani ana haki. Aliwapa hesabu ya ubaoni: kijiji cha watu 10,000 kinazika watu 22 kwa mwezi. Ukisema bila vita wangezika 15, vita vimeua 7. Ukisema bila vita wangezika 20, vita vimeua 2. Wanaozikwa ni wale wale 22. Darasa lilikaa kimya, halafu likaanza kubishana, na kwa mara ya kwanza walikuwa wakibishana bila kuangaliana kwa kabila.

Jambo ambalo uchunguzi wa IRC uliona wazi ni namna watu walivyokufa. Katika uchunguzi wa mwisho, waliouawa kwa risasi au panga hawakufika mmoja katika kila vifo mia. Wengine walikufa kwa malaria, kuhara, nimonia, utapiamlo. Karibu nusu walikuwa watoto chini ya miaka mitano. Vita vilifunga kituo cha afya, vikachoma shamba, vikawalaza watu porini kwenye mvua, na magonjwa ya kawaida yakafanya kazi iliyobaki. Msichana mmoja alinyoosha mkono akauliza kama mjomba wake mdogo, aliyekufa kwa kuhara wakati jamaa ilipokimbilia porini, anahesabiwa kati ya watu wa vita. Nyumbani kwao hawamhesabu. Wanasema vita vilimchukua babu, aliyepigwa risasi, na mjomba "aliugua tu". Mwalimu alimwambia kwamba kwa hesabu ya IRC anahesabiwa. Akaongeza kwamba mbele ya mahakama ni jambo lingine.

Maana Kongo imekwenda mahakamani. Tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilihukumu kwamba Uganda ilivunja sheria kwa kuingiza jeshi lake na kwa yaliyofanyika Ituri ilipokuwa ikiikalia. Kesi dhidi ya Rwanda mahakama ilisema mwaka 2006 kwamba haina mamlaka ya kuisikiliza, jambo ambalo watu wengi wetu hulichanganya na kusema Rwanda ilishinda. Haikuhukumiwa kuwa na haki wala kosa, kesi haikusikilizwa. Kwa Uganda iliendelea, na tarehe 9 Februari 2022 mahakama ikakadiria malipo: dola milioni 325. Kongo iliomba zaidi ya bilioni 11.

Kwa nini pengo kubwa hivyo? Juu ya watu waliokufa, Kongo ilidai 180,000. Majaji walikubali kati ya 10,000 na 15,000. Hawakusema wengine hawakufa. Walisema ushahidi haukutosha: majina hayakuwapo, tarehe hazikuwapo, mahali na namna ya kufa havikuandikwa, na hesabu za vifo vya ziada hazikuweza kujaza nafasi hiyo. Tulisoma jambo hili kwa uchungu. Mtu aliyezikwa porini bila jina kuandikwa popote alikufa, na miaka 20 baadaye, mbele ya majaji, ni kama hakuwapo.

Hapo tunaona kazi ambayo makanisa ya mahali yanaweza kuifanya na ambayo haihitaji ruhusa ya Kinshasa. Tuna vitabu vya ubatizo na vya mazishi, kwa kadiri vilivyookoka moto. Tuna wamama wa kanisa wanaokumbuka nani alizaa mwaka gani na nani alizikwa wapi. Mwanafunzi wa miaka 17 anaweza kukaa na bibi yake na kuandika jina, mwaka, kijiji, na sababu ya kifo, bila kuandika nani aliua. Aliyeua ni kazi ya mahakama, na ni sehemu inayoweza kumwua mwandishi. Lakini jina la marehemu na kuhara kwake si siri ya mtu.

Hatutaki msomaji afikiri kwamba yote yalikwenda vizuri. Siku ya tatu mwalimu alifanya kosa ambalo yeye mwenyewe alilikiri kwetu. Walipokuwa wakizungumza juu ya uraia, alimgeukia kijana mmoja akamwuliza: "Ninyi kwenu mnasemaje?" Kijana alikaa kimya mpaka kengele, na kesho yake hakuja. Mtoto alikuja shuleni kama mwanafunzi, na kwa neno moja akawa balozi wa kabila. Prefe alikwenda nyumbani kwao kuomba radhi. Alirudi baada ya siku nne. Tangu hapo kuna sharti darasani kwamba hakuna anayesema "sisi" au "ninyi" anapozungumza juu ya 1996. Anataja jeshi, chama, kiongozi, sheria. Si rahisi, na wanajikwaa kila mara, mwalimu pia.

Sharti hilo lilisaidia hasa katika habari ile ile ya uraia, ambayo ndiyo inayotoa maneno mabaya zaidi uwanjani. Badala ya kuuliza nani ni Mkongomani wa kweli, walipanga sheria kwa mfuatano. Mwaka 1972 Serikali iliwapa uraia kwa pamoja watu waliotoka Rwanda na Burundi na kukaa Kivu kabla ya 1950. Mwaka 1981 Serikali ile ile ilifuta hiyo na kudai mababu waliokuwapo mwaka 1885. Mwaka 2004 sheria mpya, na baada yake Katiba ya 2006, zikarudi kwenye mwaka wa uhuru. Mwanafunzi anaona kwamba mtu mmoja, bila kuondoka shambani pake, alikuwa raia, akawa mgeni, akawa raia. Na anaona pia upande wa pili, ambao haupaswi kufichwa: kwamba Wabelgiji walileta familia nyingi kutoka Rwanda hadi Masisi kabla ya uhuru, juu ya ardhi ambayo ilikuwa na wenyewe, na wenyewe hawakuulizwa. Malalamiko yote mawili yana karatasi zake.

Yako mambo ambayo tungeomba yasifanyike kabisa. Picha za maiti zisiingie darasani. Asiombwe mtoto yeyote kusimulia ubakaji, wala wa mama yake. Katika madarasa yetu wamo watoto waliozaliwa kwa njia hiyo, wengine wanajua, wengine hawajui, na mwalimu hawezi kutambua kwa kutazama nyuso. Na pale ambapo watu wenye silaha wanakaa karibu na shule, mwalimu asisukumwe na mtu yeyote, hata na makala hii, kufundisha jambo ambalo litamgharimu nyumba yake. Hesabu ya ubaoni na habari za kuhara na malaria zinaweza kufundishwa mahali popote. Mengine yatangoja.

Mitihani ya Serikali haitauliza mambo haya mwaka huu, na wazazi wawili wamelalamika kwamba watoto wanapoteza saa. Ni lalamiko la haki, kwa maana wazazi ndio wanaolipa. Mwalimu aliwaonyesha madaftari: wanafunzi walikuwa wamejifunza kusoma andiko refu, kulinganisha mashahidi wawili na kutofautisha idadi iliyohesabiwa na idadi iliyokadiriwa. Mzazi mmoja alikubali. Mwingine alisema bado anafikiri ni siasa.

Mwaka ujao wa masomo anataka kuanza somo karibu na tarehe 6 Oktoba, siku ya Lemera. Amemwomba muuguzi mmoja mzee, aliyefanya kazi katika hospitali ile zamani, aje azungumze na darasa kwa nusu saa. Mzee hakukataa. Ameuliza kwanza wanafunzi ni watoto wa nani, na mwalimu alipomjibu kwamba ni watoto wa watu wote, ameomba apewe muda.